Nyembe sita, shingo moja: ule wa shilingi 10 ulivyonishangaza

Jumatatu moja Novemba mwaka jana, msimamizi wangu wa kazi alinishika kidevu kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Nilikuwa nabeba trei kwenye hoteli moja hapa Nairobi, kibarua cha kulipwa kwa siku, na sheria ya pale ilikuwa fupi: mwanamume anayehudumia wageni hafugi ndevu. Mimi nilikuwa nimenyoa. Shida ni kwamba kila nikinyoa, baada ya siku mbili shingo yote inajaa vipele, vingine vina usaha, vingine vimeacha madoa meusi ya kitambo.

"Kijana, watu wanakula hapa," akaniambia. "Tafuta njia ya kunyoa vizuri, ama nikupeleke nyuma ukaoshe sufuria."

Kuosha sufuria si aibu. Lakini sufuria haziachi tipu chini ya sahani, na tipu ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya chumba chetu Kayole. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo cheti cha kunipeleka kwingine sikuwa nacho. Nilikuwa na sura tu, na sura yenyewe ilikuwa inaniangusha.

Usidhani nilikuwa nimekaa tu. Nilikuwa nimejaribu zile mashine za plastiki za kutumia na kutupa. Nilikuwa nimejaribu mashine yenye nyembe tano kwenye kichwa kimoja, niliyoinunua na mshahara wangu wa kwanza nikijiona nimefika, halafu nikagundua vichwa vyake vya kubadilisha vinauzwa bei ya nyama ya mwezi. Nilikuwa nimejaribu ule unga wa kunyolea unaonuka mayai yaliyooza, unaoupaka huku ukihesabu dakika. Siku hiyo nikapigiwa simu katikati, hesabu ikapotea, ngozi ikachubuka wiki nzima. Kinyozi wa mtaani naye alinimwagia spiriti nikaona nyota mchana, na vipele vikarudi vilevile.

Kilichonitoa huko ni mkebe wa Kimbo.

Desemba nilienda ushago. Nikiwa natafuta misumari kwenye vitu vya guka, nikakuta mkebe mzee wa mafuta ya kupikia, ndani mna kalamu za wino zilizokauka, vifungo vya koti, na mashine ya kunyolea ya chuma, nzito, rangi ya fedha iliyofifia. Ukizungusha mkia wake, juu panafunguka milango miwili midogo kama mabawa. Kati ya mabawa palikuwa na wembe mmoja ulioliwa na kutu hadi ukashikana na chuma.

"Hiyo ni ya guka wako," shosho akasema. "Alikuwa akinyoa nayo kila Jumapili kabla ya kanisa."

"Na vipele je, shosho?"

"Vipele vya nini? Kidevu cha guka wako kilikuwa kama yai."

Nikaiomba, akanipa, kwa sharti kwamba nikiipoteza nisirudi kwake. Niliichemsha, nikaisugua na mswaki wa zamani na magadi, ikang'aa. Kilichobaki ni kutafuta wembe wa kuweka ndani. Hapo ndipo nilipojua kwamba "wembe ni ule ule" ni msemo wa wanasiasa na mashabiki wa kandanda tu. Nyembe si zilezile hata kidogo.

Vipele vinatoka wapi

Kuna jambo moja ambalo ningeambiwa nikiwa na miaka 18 ningeokoa pesa nyingi sana. Nywele zetu nyingi zimejikunja, na hazianzi kujikunja nje. Hata shimo linaloshika unywele ndani ya ngozi limepinda. Ukinyoa, unywele unabaki na ncha iliyochongoka kama mkuki. Ukikua, badala ya kwenda mbele unajikunja na kurudi kuichoma ngozi. Mwili unauchukulia kama mwiba, unaupiga vita, na hapo ndipo uvimbe, usaha na doa vinapotoka. Si uchafu, na si ugonjwa wa kuambukizana. Ni umbo la nywele. Ndiyo maana hali hii huwaandama zaidi wanaume weusi, na kule Marekani kwa miaka mingi wanajeshi weusi wamekuwa wakiandikiwa ruhusa na daktari wasinyoe kwa sababu yake.

Sasa leta mashine ya nyembe nyingi. Wembe wa kwanza unaushika unywele na kuuvuta, unaofuata unaukata ukiwa bado umevutwa, na kile kipande kinachobaki kinarudi chini ya uso wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka anafurahia ulaini huo siku nzima. Mimi unywele wangu uliozama umefungiwa mlango kwa nje, na lazima utoboe mahali. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi na kuendelea na safari yake. Guka hakuwa na ngozi ya ajabu. Alikuwa na wembe mmoja, na alinyoa mara moja kwa wiki.

Dadangu mdogo, tunayeishi naye na ambaye anasomea uuguzi, ndiye aliyenipa dawa ya kwanza na haikuwa ya kununua: usinyoe kabisa karibu mwezi mzima, nywele zilizofungiwa zitoke zenyewe. Mwezi mzima bila kunyoa, kwa hoteli ile? Nikaenda kwa msimamizi kabla hajanifuata, nikamwambia anipeleke sufuria kwa hiari yangu. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Januari ikanipata na mikono kwenye sabuni hadi kiwiko, na nyumbani ikawa ni githeri kwenda mbele.

Kipande cha bati chenye historia

Wembe wenyewe ni wa rika moja na jiji letu. Nairobi ilikuwa kambi changa ya reli wakati King Camp Gillette, Mmarekani aliyewahi kuuza vizibo vya chupa, alipoanzisha kampuni yake mwaka wa 1901. Wazo lake lilikuwa wembe mwembamba wa pande mbili, wa bei rahisi, ambao huunoi bali unautupa. Kunoa bati jembamba namna hiyo kulikuwa kumewashinda mafundi, hadi mhandisi William Nickerson alipotengeneza mashine za kuifanya kazi hiyo. Walianza kuuza 1903. Mwaka huo waliuza mashine 51 na nyembe 168. Hata mama mboga wa kwetu angecheka.

Haki ya uvumbuzi huo ilipoisha 1921, kila nchi ikaingia sokoni, na kwa bahati nzuri umbo la lile tundu la katikati likabaki kuwa la wote. Ndiyo maana wembe uliotengenezwa Japani au Misri unaingia kwenye mashine ya guka bila maneno. Nyembe za zamani zilikuwa za chuma kinachoshika kutu. Uingereza, kampuni ya Wilkinson Sword ilileta sokoni wembe wa chuma kisichoshika kutu mapema miaka ya 1960, na wengine wakalazimika kufuata.

Ukiushika, unene wake ni kama milimita 0.1, sawa na karatasi ya kuchapia. Kwa hivyo tofauti iko wapi? Iko kwenye chuma chenyewe, namna makali yalivyonolewa, na mipako iliyowekwa juu ya makali: platinamu, kromiamu, na mara nyingi Teflon, ileile ya sufuria isiyoshika chakula. Makali ndiyo yanayokata. Mipako ndiyo inayofanya ukataji huo usiwashe. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, tunavichanganya. Wembe unaweza kuwa mkali ajabu na bado ukaacha shingo inawaka moto. Mwingine ni mpole, lakini unakwama kwenye ndevu ngumu hadi unalazimika kupita mara tatu, na kupita mara tatu ndiko kunakoleta vipele.

Dadangu na namba za matatu

Chuoni nilisoma takwimu muhula mmoja tu, na kitu kimoja kikabaki kichwani: ukitaka kujua kinacholeta tofauti, badilisha kimoja, vingine viache palepale. Kingine nilikijua bila kwenda chuo. Mtu akishajua bei ya kitu, ulimi wake unaanza kudanganya. Muulize yeyote anayekunywa kahawa ya mia nne mjini.

Nikanunua nyembe za aina sita. Nacet, inayotoka nyumba ya Gillette, ni ile tuliyotumia shule ya msingi kuchonga penseli, ile fundi wa nguo anafumulia mshono. Dukani kwetu ni shilingi 10 mmoja. Astra Superior Platinum, yenye pakiti ya kijani, nayo ni ya nyumba hiyohiyo ya Gillette, na pakiti yangu iliandikwa imetengenezwa Urusi. Treet ya Pakistan niliichukua ile ya chuma cheusi cha kizamani. Derby Extra ni ya Uturuki. Shark hutengenezwa Misri na kampuni ya Lord. Na ya mwisho ilikuwa Feather ya Japani, yenye pakiti ya manjano, ambayo wapenzi wa kunyoa duniani kote huitaja kwanza wakiulizwa wembe mkali kuliko wote. Hiyo niliiagiza mtandaoni na kila wembe ukanigharimu shilingi 70. Pakiti ilipofika nikaishika kwa mikono miwili.

Dadangu ndiye aliyeficha. Yeye anaweka wembe ndani ya mashine, anafunga, ananikabidhi. Jina la kampuni linabaki chini ya mabawa, mimi naona makali tu. Kila wembe akaupa namba ya matatu: 58, 46, 111, 125, 45 na 237. Majina halisi akayaandika kwenye karatasi na kuificha ndani ya kitabu chake cha anatomia, mahali alipojua sitafungua.

Nilinyoa kila baada ya siku tatu, kila wembe mara nne. Hiyo ni siku 72. Sabuni moja, brashi moja, maji ya moto kutoka sufuria moja, shingo moja. Baada ya kila kunyoa nilijaza kaunta buku langu la zamani la chuo: umevuta? umekata? umewasha? Na siku mbili baadaye, dadangu anahesabu vipele vipya kwa tochi ya simu. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa furaha isiyo ya lazima.

Safari, moja baada ya nyingine

45 niliitambua siku ya kwanza. Makali yake yana rangi nyeusi, kwa hivyo siri ikafa, hiyo ni Treet. Kunyoa kwa kwanza kulikuwa kuzuri, kulaini kuliko nilivyotarajia, na nikaelewa kwa nini bado kuna watu wanaoapa kwa chuma cha kizamani. Lakini chuma hiki hakitaki mvivu. Lazima uutoe, uukaushe, uuweke pakavu. Mimi niliuacha ndani ya mashine bafuni, na kunyoa kwa tatu kulikuwa kama kukwangua samaki. Kosa ni langu.

111 ilikuwa pole kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Haikunikata hata mara moja kwa siku 12. Ila ndevu za kidevuni kwangu ni ngumu, na kila mara ilibidi nirudie. Kwa mashavu, tamu kabisa. Rafiki yangu mwenye ndevu laini aliijaribu na hadi leo hataki kusikia nyingine.

46 sina mengi ya kuisema. Inafanya kazi na ina sauti, unasikia kabisa nywele zikikatika. Vipele viwili kwa siku 12. Ningepewa bure ningefurahi.

237 ndiyo iliyonichanganya. Kunyoa kwa kwanza sikuhisi chochote, nikadhani dadangu amesahau kuweka wembe. Nilipopitisha kidole, uso ulikuwa kioo. Nikaimba. Dakika moja baadaye nikaona damu chini ya taya, michirizi miwili ambayo hata sikuihisi ikitokea. Mkono wangu ulikuwa umezoea kusukuma, na wembe huu hausamehi anayesukuma. Halafu siku ya pili dadangu akahesabu vipele: tisa. Kunyoa kwa tatu na kwa nne nikalegeza mkono, damu ikaisha, vipele vikashuka lakini havikwisha. Ulikuwa unanyoa karibu mno kwa shingo kama yangu.

58 ilikuwa ile matatu inayoondoka kwa wakati na haina makelele. Kunyoa kwa kwanza na kwa nne karibu sawasawa. Kipele kimoja tu. Niliandika kwenye kaunta buku: "Huyu naweza kuoa."

Halafu ikaja 125. Inaingia kwenye ndevu ngumu bila kuvuta, inatoka bila kuwasha. Kunyoa kwa nne ilikuwa imechoka kidogo kidevuni, lakini shingoni, penye vita yangu yote, dadangu alimulika tochi, akatafuta, akazima. Sufuri. Akarudia siku iliyofuata. Sufuri.

Jioni ya mwisho nikaketi na kaunta buku kama hakimu. Nikatangaza: 125 ndiyo ya Japani, hakuna ubishi, pesa inajionyesha. 58 ni Astra. 237, ile iliyonitoa damu, lazima ni ya bei ya chini.

Dadangu akafungua kitabu cha anatomia na kucheka hadi akakaa chini. 58 ilikuwa Astra kweli. 111 Derby, 46 Shark. Lakini 237 ndiyo Feather niliyoishika kwa mikono miwili, na 125 ilikuwa Nacet. Ya duka la hapo chini. Ya penseli.

Sikusema Feather ni mbaya

Wasee wa kunyoa watanirukia, kwa hivyo wacha niseme mapema. Feather ni kazi safi ya mikono ya watu wanaojua chuma, na mtu mwenye ndevu nene zilizonyooka, mkono mwepesi na mashine pole ataipenda. Mashine ni nusu ya hadithi. Kuna zinazouachia wembe utokeze zaidi na kuna zinazouficha, na wembe uleule unaweza kuwa mwanakondoo kwenye moja na chui kwenye nyingine. Ya guka iko katikati, ikielekea kwa chui. Kwa hivyo usichukue orodha yangu ukaenda nayo dukani kama ya mboga. Chukua njia. Nunua aina tatu nne, wembe mmoja mmoja, na utafute mtu wa kukufichia majina.

Na kuna jambo ambalo nalisema kwa shingo upande kwa sababu linapunguza utamu wa mashindano yangu: vipele vilikuwa vimepungua zaidi ya nusu kabla sijafika kwenye namba za matatu. Mwezi wa kutonyoa ulifanya kazi. Halafu mkono. Wahenga waliposema ukiona mwenzako ananyolewa tia chako maji, hawakuwa wanazungumzia wembe wa pande mbili, lakini ushauri wenyewe ni wa kweli neno kwa neno. Unywele uliolowa dakika mbili tatu kwenye maji ya moto unalainika, wembe unapita bila kung'ang'ana. Kisha povu. Kisha weka kichwa cha mashine bapa shavuni na ushushe mkia polepole hadi makali yaguse tu, kama nyuzi 30 hivi. Usisukume. Uzito wa mashine unatosha, ndiyo maana ni ya chuma.

Fuata nywele zinakoelekea. Hilo lilinichukua muda kulielewa kwa sababu shingoni kwangu zinaenda pembeni, kama umati wa Gikomba. Pitisha kidole ujue kabla ya kupitisha wembe. Kwenda kinyume na nywele na kuivuta ngozi ndiyo tikiti ya kurudi kwa vipele, hata uwe na wembe wa dhahabu. Nikimaliza bado nina kivuli kidogo cha ndevu, ukigusa unahisi. Nilikikubali. Kile kivuli ndicho kinachouzuia unywele kuzama.

Ukiwa na vipele vinavyogeuka uvimbe mgumu usioisha, hasa kisogoni, achana na mimi na nyembe zangu, nenda kwa daktari wa ngozi.

Kuhusu hesabu: kunyoa kila siku ya tatu, mara nne kwa wembe, ni nyembe 30 na kidogo kwa mwaka. Nacet inakuja kama shilingi 300. Feather kwa bei niliyonunua inapita 2,100. Kuna wanaojivunia kutumia wembe mmoja mwezi mzima, na siwaelewi. Mwaka wa 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science jibu la swali ambalo sikujua lina jibu: kwa nini unywele, ambao ni laini kuliko chuma mara 50 hivi, unauharibu wembe? Mmoja wao alikuwa ananyoa ndevu zake mwenyewe na kupeleka wembe kwenye hadubini. Walikuta makali hayachakai tu polepole. Yanamegeka vipande vidogo sana, hasa unywele unapopinda na kugonga mahali ambapo chuma hakiko sawa. Wembe wako wa wiki ya tatu ni msumeno mdogo usiouona. Na usiufute kwa taulo, unaongeza mapengo. Suuza, kung'uta, basi.

Dadangu anataka niseme mawili ya hospitali. Wembe hauazimwi, hata kwa ndugu, hata kwa mara moja. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B hupitia kwenye damu, na damu ya kunyoa mara nyingi huioni. Kwa kinyozi, mwambie afungue wembe mpya mbele ya macho yako, au beba wako. Kwa shilingi 10, kwani ni aibu gani? La pili ni utupaji. Taka za Nairobi nyingi zinaishia Dandora, na kuna watu wanaozichambua kwa mikono mitupu kutafuta riziki. Wembe wako ndani ya mfuko wa taka unamsubiri mmoja wao. Ule mkebe wa Kimbo wa guka nimeutoboa tundu jembamba kwenye mfuniko, na nyembe zilizokwisha zinaingia humo na hazitoki. Ukijaa nitaufunga kwa gundi na waya kabla haujaenda popote, ingawa kwa hesabu yangu hautajaa hata nikifika umri wa guka.

Mwisho wa Aprili nilirudi kwa msimamizi. Miezi minne ya sufuria, mikono imekuwa ya mvuvi. Akanishika kidevu kama kawaida, akanigeuza upande wa dirisha, akapitisha jicho shingoni polepole. Niliona na yeye ana vipele kadhaa chini ya kola, ambavyo kwa sababu fulani sikuwahi kuviona.

"Unatumia nini?" akauliza.

"Nacet."

"Nacet gani? Ile ya kuchonga penseli?"

Nikaenda kuchukua trei.